Mshahara wa Mtu Anayejiajiri
Hotuba ya Katibu, iliyosomwa Jipe katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumekwisha kusikia hesabu za Chama kwa miaka kumi. Sasa twaomba tuitazame hesabu nyingine iliyo ndogo zaidi, nayo ni ya nyumba ya kila mwanachama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 yenye malipo. Je, mvuvi wa Ziwa Jipe, fundi wa mitumbwi na mkulima wa mahindi hupewa likizo na nani? Hao ni mabwana wa nafsi zao. Siku wasiyofanya kazi hula walichoweka. Na siku hiyo haina budi kuja, iwe kwa homa, msiba au ukame. Mwaka 2016 uvuvi ulisimamishwa katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, jirani yetu, ili samaki wapate kuzaana. Amri ile ilikuwa na maana, lakini njaa haisimamishwi kwa amri.

Wazee wa Upare walilijua jambo hili kwa upande wa maji. Walijenga ndiva milimani. Maji ya kijito yakakusanywa usiku, na kulipokucha yakafunguliwa mferejini kwa zamu. Kijito hakikuongezeka, ila hakuna kilichopotea usiku. Fedha nazo zataka ndiva.

Tuseme mvuvi, baada ya kutoa gharama za nyavu na mtumbwi, hupata shilingi 300,000 kwa mwezi katika miezi 8, na miezi 4 hapati kitu. Akidhani mshahara wake ni 300,000 amejidanganya. Mapato yake ya mwaka ni 2,400,000. Yakigawanywa kwa miezi 12, mshahara wake wa kweli ni 200,000. Basi kila mwezi wa kuvua aweke 100,000, na miezi 4 ya ukosefu itakuwa imekwisha kulipiwa.

Asiyefanya hivyo humwuzia mlanguzi mahindi yangali shambani, au huingia ziwani na nyavu za macho madogo akavua samaki wachanga. Pengo la mwezi mmoja huwa limekula mwaka ujao.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: wekeni siku ile ile mnayolipwa, tena katika chama cha akiba na mikopo, si mfukoni. Mume na mke na waijue hesabu hiyo pamoja. Nasi viongozi tuna wajibu wetu: malipo yatoke kwa tarehe iliyotangazwa, na daftari liwe wazi. Mwanachama hawezi kuzipangia fedha asizojua zitafika lini.

Haba na haba hujaza kibaba.