Mpiga chapa si mchapishaji

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Mang'ola, Wilaya ya Karatu)



Mwaka 1956 vilitoka nchini Ujerumani vitabu viwili vya hadithi za Wahadzabe, ambao wakati ule wageni waliwaita Watindiga. Aliyezikusanya ni Ludwig Kohl-Larsen, daktari wa Kijerumani aliyepiga kambi kando ya Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930, akichimba mifupa ya kale na kuwasikiliza wazee. Hadithi zilisimuliwa huku, lakini zikahaririwa na kupigwa chapa kwa Kijerumani. Mwalimu wa Mang'ola anayetaka kuwasomea wanafunzi wake kutoka katika vitabu hivyo hana budi kwanza ajifunze lugha ya Ulaya. Baadaye alikuja James Woodburn, Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kitabu cha Frank Marlowe wa Marekani juu ya Wahadzabe kilitoka mwaka 2010, kwa Kiingereza.

Si haki kuwalaumu wageni hao kwa kuwa waliandika. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini mwenyeji mwenye kalamu, anayeishi palepale kwenye habari, bado ana mswada wake sandukuni.

Jibu moja ni la biashara. Mchapishaji wa Dar es Salaam huhesabu wanunuzi kabla ya kuhesabu kurasa, na kitabu kinachohusu wakulima wa vitunguu, Wadatoga na mifugo yao, Wairaqw na Wahadzabe wa bonde moja hakimpi hesabu ya kumfurahisha. Anaweza kukaa na mswada miaka mingi. Shaaban Robert mwenyewe alifariki mwaka 1962, na Kufikirika, alichokuwa amekiandika katika miaka ya 1940, kilitoka mwaka 1967. Ikiwa gwiji wa lugha alisubiri hivyo, mwalimu wa shule ya msingi asishangae kukosa jibu la barua yake.

Kwa hiyo wapo walioamua kujichapishia. Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu nchini. Ni katika mazingira hayo magumu ndipo lilipokua tabaka la waandishi waliojitegemea. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari na wa riwaya, alianzisha kampuni yake, Heko, na kitabu chake Dar es Salaam Usiku kilitoka mwaka 1990. Wako waliobeza riwaya za namna hiyo kuwa ni za mitaani. Lakini zilinunuliwa na kusomwa, na hilo si jambo dogo.

Yafaa hapa ieleweke tofauti ambayo watu wengi huichanganya, na kuichanganya kumewagharimu fedha. Mpiga chapa si mchapishaji. Mpiga chapa anauza karatasi, wino na kazi ya mashine. Akiletewa kosa, atalichapa mara elfu moja bila chuki wala upendeleo. Mchapishaji ndiye anayeuchagua mswada, anayemtafuta mhariri, anayegharimia, anayeuza, na anayebeba hasara. Mwandishi anayejichapishia amejitwisha kazi hizo zote. Akidhani kwamba amezikwepa kwa kuwa amemlipa mpiga chapa wa Arusha, amejidanganya.

Kazi inayoachwa mara nyingi kuliko zote ni uhariri. Mwandishi hana fedha nyingi, na jalada la rangi linaonekana kwa macho, hali uhariri hauonekani. Basi hununua jalada. Kisha humpa mswada rafiki aliyepata kusoma sekondari, naye anarekebisha nukta na mikato, na kitabu huandikwa kuwa kimehaririwa. Hilo silo linaloitwa uhariri. Mhariri wa kwanza huangalia mwili wa kitabu: sura ipi imezidi, wapi msomaji asiyeijua Mang'ola atapotea, lipi limedaiwa bila ushahidi. Wa pili hushughulikia lugha, sentensi kwa sentensi. Wa tatu husoma prufu baada ya kurasa kupangwa, maana kupanga nako huzaa makosa mapya. Kwa desturi njema hawa si mtu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliye mwandishi mwenyewe, kwa sababu jicho la mwandishi husoma alichokusudia, si alichoandika.

Kwa Mang'ola jambo hili lina uzito wa pekee. Katika kata hii na jirani zake zinasikika lugha za nasaba mbalimbali: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kiisanzu cha Kibantu, na Kihadzabe, ambacho wataalamu hawajakithibitishia ndugu yeyote duniani. Herufi x katika Kiiraqw ni sauti ya kukwaruza inayotoka nyuma ya kinywa. Katika maandishi ya Kihadzabe yanayotumiwa na wataalamu, herufi hiyohiyo ni kidoko, sauti ya ulimi na ubavu wa kinywa. Herufi q nayo ina mashaka kama hayo. Mhariri wa mjini asiyelijua hilo atafuta herufi akidhani ni kosa la mashine, na jina la mzee litatoka limekuwa jina la mtu mwingine. Wahadzabe ni watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo tu. Kosa juu yao likishapigwa chapa halina wa kulisahihisha, na mtoto wao atalisoma darasani kama ukweli. Kwa hiyo mhariri wa nne atafutwe hapahapa: msomaji mwenyeji wa kila lugha iliyotajwa, asomewe kurasa zinazomhusu kabla hazijakwenda mjini, na alipwe.

Upande wa mashine, maneno yanatosha machache. Kitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, na mara nyingi mkunjo mmoja huwa na kurasa 16. Mswada wa kurasa 130 utalipiwa kurasa 144, na kurasa 14 zibaki tupu. Mhariri mwenye kisu angeuteremsha hadi 128, na kuokoa mkunjo mzima. Tena, bei ya nakala moja hupungua kadiri nakala zinavyoongezeka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwandishi huvutwa achape 3,000, kisha maboksi yakae chumbani yakiliwa na mchwa. Leo zipo mashine za kidijiti zinazokubali nakala 100. Kila nakala itakuwa ghali zaidi, lakini makosa yatakayogunduliwa yatasahihishwa katika toleo linalofuata.

Kuuza nako kuna lumbesa yake. Mkulima wa vitunguu anajua gunia linavyopandishwa kilemba hata sheria ya vipimo ikikataza, na anajua ziada hiyo inakwenda kwa nani. Mwenye duka la vitabu naye atadai punguzo, mara nyingi theluthi ya bei au zaidi, na atachukua kwa mali kauli. Bei ipangwe baada ya kuhesabu hayo. Nambari ya kimataifa ya kitabu iombwe kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako pia nakala huwekwa kwa mujibu wa sheria. Hakimiliki ina sheria yake ya mwaka 1999. Na anayetumaini kuuza shuleni akumbuke kwamba kitabu cha darasani kinahitaji ithibati ya serikali, nayo haitolewi kwa jalada.

Limebaki suala la wazee waliosimulia. Wakubali kwanza, majina yao yaandikwe kama wanavyotaka wenyewe yaandikwe, na hadithi ambayo hawataki itoke nje iachwe, hata ikiwa ndiyo tamu kuliko zote. Maboksi yakifika kutoka Arusha, nakala za wazee hao zitolewe kabla ya kupelekwa nyingine mnadani. Asiyejua kusoma asomewe sura yake palepale, kalamu ikiwa mkononi, kwa ajili ya toleo la pili.