Ujira wa Msagaji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.



Bibi Fatima (r.a.), binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akisaga mwenyewe nafaka ya nyumba yake kwa mawe ya mkono. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alikwenda kuomba mtumishi, kwa jinsi jiwe lilivyomuumiza mikono. Hakupewa mtumishi. Yeye na mumewe, Ali (r.a.), walifundishwa kuleta tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbiri mara 34 wanapokwenda kulala.

Asagaye nyumbani kwake hana wa kumshuku. Haja ya sheria huanza pale nafaka inapotoka mlangoni ikaenda kwa msagaji. Wengi wetu utotoni tulitumwa mashineni na ndoo ya mahindi, tukaagizwa tusibanduke mpaka tuuone unga wetu ukitoka. Mama zetu walijua kwamba nafaka ikishasagwa, unga hausemi ni wa nani wala ulikuwa kiasi gani.

Wanavyuoni wetu waliliona hilo zamani. Daraqutni na Bayhaqi wamepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) katazo la kafizi ya msagaji. Kafizi ni kipimo cha nafaka. Na makusudio ni mtu kumpa msagaji ngano, na ujira wake uwe sehemu ya unga ule ule utakaotoka. Ibn Taymiyya hakuikubali hadithi hiyo, na katika madhehebu ya Hanbal inajuzu ikiwa sehemu yenyewe inajulikana, kama theluthi. Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu tuliotoka pwani, yamezuia, kwani siku ya mapatano unga huo bado haupo. Lakini ukimwambia, “Chukua kibaba hiki cha ngano sasa, unisagie iliyobaki,” inafaa. Wamehitilafiana katika njia, ila katika jambo moja wako pamoja: ujira ujulikane kabla jiwe halijazunguka.

Katika karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko. Humo wasagaji wanatakiwa wapepete nafaka na kuiondolea mchanga kabla ya kuisaga, wala wasichanganye mbovu na nzuri. Muhtasibu naye akague unga, usije ukatiwa unga wa dengu au wa maharage. Mlaji haoni hayo kwa macho; ndiyo maana akawekewa mtu wa kumwonea.

Na hapa Uingereza tunapoishi, palikuwa na zama ambapo mkulima alilazimishwa kusaga katika kinu cha bwana wa ardhi na kumwachia sehemu ya nafaka yake. Mjini St Albans, Abati Richard wa Wallingford aliwanyang’anya watu mawe yao ya mkono, akayatandaza kuwa sakafu ya ukumbi wake. Katika maasi ya mwaka 1381, wenyeji waliingia humo, wakaing’oa sakafu ile, wakagawana vipande vya mawe. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita, na dhuluma haijasahauliwa. Mwaka 1796 Bunge lilipitisha sheria kwamba msagaji, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, alipwe fedha badala ya kujikatia nafaka, awe na mizani ya haki, na abandike bei kinuni mahali pa kuonekana.

Ndugu zangu, mashine za kusaga tumeziacha nyumbani, lakini usagaji bado uko mikononi mwetu. Yuko anayekusanya fitra za jamaa ili azipeleke kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Yuko anayepokea mizigo ya watu kwa ajili ya kontena. Yuko anayekabidhiwa fedha za kumjengea nduguye nyumba. Hawa wote ni wasagaji: wanapokea kitu kinachojulikana, wakitie mahali ambapo mwenyewe hakioni.

Kuchukua ujira si haramu. Aibu ni kujikatia kimya kimya, kisha ukasema, “Nami nimetaabika.” Kama una ujira, utaje leo, mwenye mali akubali au akatae. Kama umejitolea, basi pishi ya fitra ifike ikiwa pishi, vibaba vyake vinne kamili. Na sisi tunaotuma, tusimwonee haya mtu kumuuliza hesabu; kumuuliza ni kumlinda yeye na sisi.

Sura ya 83 ya Qur’ani imepewa jina la wanaopunja vipimo, nayo inaanza kwa kuwaonya. Tusifunge mchana tukaacha chakula chetu cha halali, kisha tukafuturu kibaba cha mwenzetu.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, na atujaalie tuwe waaminifu kwa tulichokabidhiwa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.