Je, Sindano ya Nne Yahitajiwa?



Mwaka huu baadhi ya wanachama waliomba mfuko wa msaada uwalipie chanjo ya pili ya kuzuia homa ya ini ya aina ya B, ingawa walikwisha kupata sindano zote tatu. Waliambiwa kwamba nguvu zake huisha baada ya miaka mitano. Sisi tulioagizwa kulichunguza jambo hili twaleta jibu.

Ni kweli kwamba kinga ionekanayo katika damu hupungua kadiri miaka ipitavyo. Lakini mwili uliokwisha kufundishwa haumsahau adui. Maradhi haya hukawia siku 60 hata 150 kabla ya kudhihirika, na katika muda huo mwili huamka ukaunda kinga mpya. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halimshauri mtu mwenye afya, aliyemaliza chanjo yake, kuongeza sindano nyingine. Kinga yake hudumu miaka 20 au zaidi, na yamkini maisha yote.

Wako wachache wa kuangaliwa mbali. Wanaosafishwa damu kwa mashine kwa ajili ya figo hupimwa kila mwaka, na hesabu ya kinga ikishuka chini ya 10 huchanjwa tena. Wauguzi, na wengine washikao damu ya watu kazini, yafaa wapimwe mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, wajue kama chanjo imeshika. Naye aliyeachia njiani haanzi upya, bali humaliza zilizobaki.

Twakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa wa kwanza kuitaka hiyo sindano ya nne. Tulipozitafuta kadi zetu, mmoja wetu aliona ana sindano mbili tu, na mwingine hakuwa na hata moja. Tuliona haya. Katika Kenya watoto wachanga walianza kupewa chanjo hii mwaka 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, na wengi hatukuitafuta baadaye. Nayo maradhi haya hupita katika damu, katika kuzaa, katika wembe wa kushirikiana na katika tendo la ndoa. Hayapiti katika sahani moja wala katika kusalimiana, basi asitengwe mgonjwa.

Kwa hiyo twashauri mfuko usilipe sindano ya nne kwa asiyeihitaji. Fedha hizo ziwapime kwanza wasiochanjwa, kwa maana aliye nayo maradhi hafaidiwi na chanjo, bali ahitaji daktari. Na walio salama wapewe zote tatu.

Wazee wetu, asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kila mmoja na aitafute kadi yake kabla ya kuuliza habari za nyongeza.

Ni sisi watumishi wenu.