Mpira wa Kaskazini ya Uingereza, na Yatuhusuyo Sisi wa Iramba

Hotuba iliyosomwa Ulemo mbele ya wanachama na makarani



Tumetakiwa tuseme machache juu ya mpira wa miguu. Twajua wako wanachama waonao kwamba mpira si jambo la kuletwa katika mkutano wa watu wa kalamu, kwamba ni mambo ya vijana na jioni yao. Twawaomba wavumilie, kwa kuwa habari tutakazozieleza ni habari za barua, kumbukumbu za mikutano, ada, hesabu na kura. Na hizo ndizo kazi zetu tangu saa moja na nusu ya asubuhi.

Tuanze na majina, maana majina hayaji bure. Mwaka 1936 vijana wa Dar es Salaam walianzisha timu iliyoitwa Queens, ikaitwa Eagles, kisha ikaitwa Sunderland. Na jina hilo ilidumu nalo hata mwaka 1971 ilipojiita Simba. Sunderland ni mji ulio kwenye mlango wa mto Wear, kaskazini mashariki ya Uingereza, katika nchi ya Durham, mji uliokuwa wa makaa ya mawe na wa kuunda meli. Timu ya mji huo ilitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka ule ule wa 1936, na mwaka 1937 ikatwaa Kombe.

Tena angalieni vikombe vyetu. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926, nalo lilishindaniwa na Kenya na Uganda peke yao hata Tanganyika ilipoingia mwaka 1945 na Unguja mwaka 1949. Huyo Gossage alikuwa mtengeneza sabuni, na kiwanda chake kilikuwa Widnes, katika nchi ya Lancashire. Na Kombe la Sunlight, ambalo majimbo ya Tanganyika yalilishindania kabla ya kuwako Kombe la Taifa, lilipewa jina la sabuni ya Lever, iliyotoka Port Sunlight, kando ya mto Mersey, mahali palipoanza kujengwa mwaka 1888. Basi jimbo na jimbo likipambana hapa kwetu, waliochafuka kwa vumbi walikuwa wetu, na sabuni ilikuwa ya kaskazini ya Uingereza. Twadhani wenye sabuni walikwisha kupiga hesabu hiyo mapema.

Ikiwa majina yametoka huko, yafaa tujue mpira wa huko ulikuwaje. Wala hatusemi ule wa timu kubwa ambazo kila kijana wa Ulemo aweza kuzitaja kwa moyo. Twasema ule wa miji midogo, ulio nje ya Ligi.

Ligi yenyewe ilizaliwa kwa barua. Tarehe 2 Machi 1888 mtu mmoja aitwaye William McGregor, mwuza nguo wa mjini Birmingham, aliviandikia vilabu vichache akasema kwamba vilabu kumi au kumi na viwili vilivyo bora vipatane kuchezeana kwa tarehe zisizobadilishwa. Maana kabla ya hapo mechi ilipangwa, ikafutwa, na watazamaji waliokwisha kufika wakarudi makwao. Vilabu kumi na viwili vikakubali: sita vya Lancashire na sita vya nchi za katikati. Durham na Northumberland, zilizo juu kabisa kaskazini mashariki, hazikuwamo hata kwa timu moja.

Watu wa huko hawakungoja kualikwa. Mwaka 1889 walikutana mjini Durham wakaunda ligi yao wenyewe, wakaiita Ligi ya Kaskazini. Ligi hiyo ingali hai, nayo ni ya pili kwa ukongwe duniani baada ya ile ya mwaka 1888. Hapa twaomba wanachama watulie kidogo. Ligi hii imevipita vita viwili vikuu, imeona machimbo ya makaa yakifungwa moja baada ya moja, na timu zake zimekuwa za vijiji ambavyo vingine havizidi kata zetu kwa watu. Imewezaje kuishi? Wachezaji mashujaa kila mahali wapo, hata hapa wapo. Sisi twaona sababu mojawapo iliyo kubwa ni kwamba kila klabu ilikuwa na katibu asiyelipwa, mwenye daftari, na katibu huyo alipokufa au kuhama daftari lilibaki.

Chukueni habari ya West Auckland. Hiki ni kijiji cha wachimba makaa wa Durham. Mwaka 1909 Sir Thomas Lipton, yule yule ambaye jina lake twalinywa katika vikombe vya chai, alitoa kombe lishindaniwe mjini Turin, Italia, na timu za nchi mbalimbali. Chama cha Mpira cha Uingereza hakikupeleka timu. West Auckland wakaenda. Wakawafunga Stuttgart wa Ujerumani 2–0, wakawafunga Winterthur wa Uswisi 2–0, wakarudi na kombe kijijini. Mwaka 1911 wakaenda tena kulitetea, na katika mchezo wa mwisho wakawafunga Juventus 6–1. Naam, Juventus. Kwa kuwa walilitwaa mara mbili, kombe likawa lao.

Lakini hesabu nayo haina huruma. Safari ile iliwatia madeni, na kombe likawekwa rehani kwa mama mwenye hoteli ya kijiji kwa pauni 40. Likakaa rehani karibu miaka hamsini, hata mwaka 1960 wanakijiji walipolikomboa kwa pauni 100. Mwaka 1994 likaibwa, wala halikuonekana tena; sasa wana mfano wake tu. Angalieni, wanachama: kombe la fedha halisi limepotea, walakini sisi tulio Iramba twajua matokeo ya mechi zile kwa magoli, na miaka yake, na mkopo wake kwa pauni. Tulijuaje? Mtu aliandika.

Timu nyingine ya nchi hiyo ni Bishop Auckland, iliyotwaa Kombe la wasiolipwa mara kumi, na mara tatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Mwaka 1954 ilikutana na jirani zake Crook Town katika mchezo wa mwisho huko Wembley, London. Watazamaji walikuwa 100,000, na timu zote mbili zatoka katika miji midogo iliyo karibu karibu. Wakatoka 2–2, wakarudia Newcastle, wakatoka 2–2 tena, mara ya tatu, mjini Middlesbrough, Crook wakashinda 1–0. Na ndege ya Manchester United ilipoanguka Munich mwaka 1958, na wachezaji wengi wakafa, wachezaji watatu wa Bishop Auckland walikwenda kuisaidia ile timu kubwa. Mmoja wao, Warren Bradley, alikuwa mwalimu wa shule, na mwaka uliofuata akaichezea Uingereza. Twataja jambo hili kwa ajili ya walimu walio nyuma, ambao tumeona wamechoka.

Msidhani kwamba huko palikuwa pepo. Neno “asiyelipwa” lilikuwa na tundu. Fedha zilitiwa ndani ya kiatu cha mchezaji kimya kimya, na katika daftari zikaandikwa kuwa nauli. Mwaka 1928 Crook Town waliadhibiwa kwa kosa hilo, nao kwa hasira wakatoa ushahidi juu ya vilabu vingine. Wachezaji zaidi ya 300 wa Durham wakafungiwa. Kila karani aliyepata kukaguliwa hesabu zake ataelewa jinsi hali ya hewa ilivyokuwa wiki ile. Tofauti hiyo ya mlipwa na asiyelipwa ilifutwa kabisa mwaka 1974, na wengi walisema ilichelewa.

Sasa twaja kwenye jambo lililotuvuta kuisema hotuba hii, nalo ni la kupanda na kushuka. Kwa muda wa karibu miaka mia moja timu ndogo haikupanda kuingia Ligi kwa kushinda. Iliingia kwa kura. Timu za mkiani ziliomba zichaguliwe tena, timu za nje ziliomba zichaguliwe, na wapigaji kura walikuwa vilabu vilivyomo ndani. Aghalabu walimrudisha mwenzao. Lakini waliopotea kwa kura hizo, wengi wao walikuwa wa kaskazini. Durham City walitolewa mwaka 1928, Ashington mwaka 1929. Gateshead walitolewa mwaka 1960, nao hawakuwa wa mwisho wala wa pili kutoka mwisho. Kura zikaenda kwa Peterborough, mji wa kusini zaidi. Barrow wakatolewa mwaka 1972, Workington mwaka 1977, Southport mwaka 1978. Mji ulio mbali na reli kubwa, wenye mvua na nauli ghali, haupendwi na wenye kupiga kura. Sisi tuliokaa vituo vya mbali twaijua tabia hii bila kuhubiriwa.

Kura hiyo iliondolewa mwaka 1987, bingwa wa nje akaanza kupanda kwa haki yake, naye wa kwanza alikuwa Scarborough, mji wa Yorkshire. Na Barrow? Walicheza nje ya Ligi miaka 48, kwa jina lile lile, katika mji ule ule, na mwaka 2020 wakarudi.

Miaka 48 kwa jina lile lile. Hapo ndipo twataka kurudi nyumbani.

Mpira wetu nao ulipitia mikononi mwa watu wa daftari. Wanafunzi wa Kiungani, Unguja, waliucheza kabla karne ya kumi na tisa haijaisha, na kutoka shuleni wakatoka makarani na walimu. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, ndiye aliyeanzisha mjini Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, ambacho vyama kama hiki chetu hukihesabu kuwa babu yao. Karani alihamishwa, mwalimu alihamishwa, askari alihamishwa, na mchezo ukahama nao kituo kwa kituo. Siku hizo Singida ilikuwa wilaya katika Jimbo la Kati; mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 1963. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland tuliyemtaja.

Nasi Singida tumepata kuonekana. Singida United waliingia Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na tarehe 2 Juni 2018 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, wakafungwa na Mtibwa Sugar 3–2. Mwaka 2020 wakashuka. Baada yao mkoa haukukosa timu. Lakini angalieni jinsi timu zilivyokuja. Mwaka 2024 Ihefu, iliyoanzia Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, ilipewa jina la Singida Black Stars, na timu iliyokuwa ikiitwa Singida Fountain Gate ikaacha neno Singida. Kanuni zaruhusu, na mgeni tunamkaribisha kwa maziwa na ugali wa mtama. Sisi twasema tu kwamba jina lililoletwa kwa mkataba huweza kuondoka kwa mkataba, na siku likiondoka hatutakuwa na kura hata moja ya kupiga. Watu wa Gateshead angalau walijua nani aliwatoa.

Timu ambayo haiwezi kununuliwa ikahamishwa ni ile ya kata, ya kijiji, ya shule, ichezayo ligi ya wilaya pale Kiomboi na ikibahatika ligi ya mkoa. Hiyo ndiyo West Auckland yetu. Lakini mwulizeni mtu yeyote hapa: mwaka 1995 bingwa wa wilaya alikuwa nani? Nani alifunga? Tutapata majibu matatu na ugomvi mmoja. Wazee wanakumbuka, na kila mwaka tunamzika mmoja. Timu isiyo na katiba, isiyo na daftari la wanachama, isiyosajiliwa kwa msajili wa vyama vya michezo, hufa siku kapteni wake aendapo Dar es Salaam kutafuta kazi. Na mwakani vijana wengine huanza timu nyingine, kwa jina lingine, kwa fulana nyingine za kuchangiwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta pendekezo lifuatalo, lipigiwe kura leo. Chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Safu zake ziwe saba: tarehe, uwanja, timu mbili, magoli, wafungaji, mwamuzi, na mapato na matumizi. Aandike karani mmoja kila Jumapili jioni, na mwalimu mmoja atie sahihi. Kurasa ishirini za mwanzo ziachwe tupu kwa ajili ya mambo ya zamani, na wanachama wawili wapewe ruhusa ya kuwatembelea wazee kabla ya masika, waandike yale ambayo wazee wawili au zaidi wanapatana, na yale wasiyopatana yaandikwe pia, kwa kalamu ya risasi. Daftari likae kwa katibu, na katibu akihamishwa lisiingie katika sanduku lake.

Gharama yake tumeiuliza dukani. Ni chini ya ada ya mwanachama mmoja. Sasa tunakaa, na wenye maswali waulize.