Mwanajeshi Mpya na Chumba cha Kupanga

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze habari za vijana wetu wanaoingia jeshini. Kijana akichaguliwa, kijiji kizima hufurahi. Kuku huchinjwa na wazee humpa baraka. Hayo ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo wazazi wengi hatulifikirii. Je, mafunzo yakiisha, mwanajeshi huyo mpya atalala wapi?

Wengi husema, "Aa, huyo ni mtu wa Serikali, atapewa kila kitu." Tusiseme hivyo kabla ya kujua.

Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Siku hizi vijana wengi wanaoandikishwa JWTZ hupitia kwanza JKT. Wakati wote wa mafunzo, kuruta halipi kodi. Analala kambini na wenzake, anakula chakula cha kambi, na kila saa yake imepangwa na wakubwa.

Mafunzo yakiisha anaapishwa na kupangiwa kikosi. Hapo maisha yanabadilika. Kambi zina nyumba za askari, na katika miaka ya 2010 Serikali ilijenga maelfu ya nyumba za wanajeshi katika mikoa kadhaa. Hata hivyo, si kila askari hupata nafasi. Anayekosa hupanga chumba uraiani, kama wanavyopanga walimu na wauguzi. Kijana ambaye jana alikuwa anapigiwa filimbi ya kulala, leo anashindana na dalali.

Sasa tuwape kisa kimoja. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo kama ninyi, alikuwa na mtoto aliyepangiwa kikosi Tabora. Kijana akampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimepata chumba kizuri, ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima."

Mama akauza mbuzi wawili na magunia ya mpunga, akatuma fedha. Kijana akalipa. Akanunua godoro, ndoo na kufuli. Akajiona sasa ni mtu mwenye kwake.

Baada ya miezi mitatu ikaja amri. Anatakiwa kikosi kingine, Mtwara. Nanyi mnajua, amri ya jeshi haingoji kodi iishe. Kijana akamwendea mwenye nyumba amrudishie fedha za miezi tisa iliyobaki. Mwenye nyumba akamjibu, "Miezi tisa ipi, bwana? Wewe ulinilipa miezi mitatu, na mitatu imekwisha. Kwani tuliandikiana?"

Mama alipopata habari hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Karatasi iko wapi, mwanangu?"

Karatasi haikuwapo. Wale mbuzi wawili wakapotea hivyo hivyo.

Jamani, kijana yule alimaliza kidato cha nne. Mama yake alisomea chini ya mwembe, jioni, baada ya kulima. Lakini aliyekumbuka kazi ya karatasi alikuwa mama. Kwa hiyo tusione haya kuwauliza na kuwashauri watoto wetu, hata wale waliotuzidi madarasa. Tuwashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, aulize kambini kabla ya kumfuata dalali. Je, nafasi ya kulala ipo? Je, anaruhusiwa kukaa nje ya kambi? Askari hajiamulii mambo haya mwenyewe.

Pili, apige hesabu. Tuchukue mfano. Chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni shilingi 240,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 40,000. Godoro, ndoo, jiko, sufuria na kufuli, tuseme shilingi 170,000. Jumla ni shilingi 450,000, naye bado hajanunua hata kilo moja ya unga.

Tena asidanganywe na chumba cha bei ndogo kilicho mbali. Gwaride la asubuhi halimngoji aliyekosa basi. Na nauli nayo ni kodi. Chumba cha shilingi 30,000, ukiongeza nauli ya shilingi 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 26, ni shilingi 61,200 kwa mwezi. Kumbe chumba cha shilingi 50,000 karibu na kambi ndicho rahisi!

Tatu, wapatane kwa maandishi. Karatasi iwe na jina la mwenye nyumba na jina la mpangaji. Iseme ni chumba kipi, kodi ni kiasi gani, na imelipwa kutoka tarehe gani hadi tarehe gani. Iseme umeme na maji watachangiaje, maana mara nyingi wapangaji wengi hutumia mita moja, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kisha watie sahihi wote wawili, na mashahidi watie sahihi. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Kwa mwanajeshi tunaongeza sharti moja kubwa: akihamishwa kikazi, mwenye nyumba atamrudishia kodi ya miezi ambayo hakukaa. Mwenye nyumba akikataa sharti hilo, basi kijana asilipe miezi mingi. Mkulima anajua shamba lake litakuwa wapi mwakani. Askari hajui kikosi chake kitakuwa wapi.

Nne, ajulikane mtaani. Akihamia aende ofisi ya serikali ya mtaa aandikishwe. Awaamkie majirani, ashiriki kufagia uwanja na kusafisha choo zamu yake ikifika. Asiseme, "Mimi ni mwanajeshi, nani ataniambia nini?" Jirani ndiye atakayelinda mlango wake usiku ule ambao yeye yuko zamu kambini.

Tano, atunze sare. Katika nyumba ya kupanga watu huingia na kutoka. Sare isisahauliwe kwenye kamba, wala asimwazime rafiki hata koti moja. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia wenye mavazi hayo siku saba wayasalimishe. Sare ikiibiwa chumbani, mwenye kuulizwa ni yeye.

Sita ni letu sisi wazazi. Ni subira. Mara nyingi tunasikia, "Mwanangu kaajiriwa, mwezi wa pili huu hajanitumia kitu. Kanisahau." Ndugu zetu, turudi kwenye ile hesabu ya shilingi 450,000. Huenda mtoto huyo analala juu ya mkeka, godoro hajalipata. Huenda anaona haya kutuambia. Tusimwongezee mzigo wa lawama. Tumuulize kwanza, "Unalala wapi? Unakula nini?" Baadaye ndipo tumkumbushe nyumbani. Naye kijana aseme kweli. Asijionyeshe tajiri kwenye simu na huku anakopa dukani.

Tumalizie kisa chetu. Kule Mtwara kijana alipanga tena, safari hii miezi mitatu tu. Kabla ya kulipa, alipiga picha ya mkataba akamtumia mama yake kwenye simu ya jirani. Mama akakaa mlangoni, akasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Jina la mwenye nyumba lipo. Kodi ipo. Sharti la uhamisho lipo. Alipofika mwisho akampigia mwanawe: "Tarehe haipo. Usitoe fedha mpaka waandike tarehe."

Wakaandika tarehe.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kusoma mlikojifunza si kwa ajili ya mtihani tu. Ni kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa tunawaachia maswali ya kujadili katika vikundi vyenu:

1. Mtu akikukopesha au kukukodisha kitu hapa kijijini, je, mnaandikiana?
2. Mtoto wako aliye mjini anatumia kiasi gani kwa kodi, nauli na chakula? Umepata kumuuliza?
3. Andikeni pamoja mkataba wa chumba kwa askari mpya. Kisha someni kwa sauti, mwone ni kitu gani kimesahauliwa.