Wadai Wetu



Hapa Kiganjo, penye kiwanda cha maziwa, ng'ombe hukamuliwa kabla ya mapambazuko. Maziwa hupimwa, karani huandika kilo, na fedha hazionekani mpaka mwisho wa mwezi. Hata hivyo karani ajuaye kazi yake hangoji siku ya malipo. Maziwa yakiisha kupokelewa, mkulima huhesabiwa miongoni mwa wadai, yaani watu wanaokidai chama. Sanduku laweza kujaa noti, lakini sehemu ya noti hizo ni mali ya wengine.

Neno hili tunalielewa upesi tukiwa ndio tunaodai. Wakulima wa maziwa wa Kenya walilijua kwa uchungu mwishoni mwa miaka ya 1990, KCC iliposhindwa kuwalipa. Serikali ikaifufua kwa jina la New KCC mwaka 2003. Bali tukiwa ndio tunaodaiwa, masikio yetu huwa mazito.

Hata sisi tunaosema nanyi. Palikuwa na harambee ya mabati ya kanisa. Tukatoa, jina la jamaa yetu likasomwa mbele ya watu, tukapigiwa makofi ya kilo. Wakati huo kibarua anayetukatia majani ya ng'ombe alikuwa hajapata mshahara wa miezi miwili. Tulimwambia, "Ngoja kidogo, ndugu." Hakunung'unika, nasi tukaufanya ukimya wake kuwa risiti.

Usiku ule zamu ya kusoma nyumbani ilituangusha katika Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 14 na wa 15. Mwajiri anaamriwa amlipe maskini kabla giza halijaingia. Sheria hiyo haiulizi kama kibarua amekuja kudai. Inatazama kazi iliyokwisha kufanyika, kama yule karani wa maziwa.

Tuliuza kondoo, tukamletea fedha zake. Alizihesabu mara mbili, akashukuru (na shukrani hiyo ilituaibisha kuliko lawama), kisha akaomba ruhusa atoke mara moja. Tulidhani anakwenda kwake. Alikwenda dukani. Kumbe unga na sukari ya miezi miwili alikuwa amekopa pale, na deni letu lilikuwa katika daftari la mwenye duka, limeandikwa kwa jina lake yeye.