Ziba Ufa, Usizibe Njia ya Moshi

Mazungumzo kwa wabanika samaki wa Diani, Gazi, Msambweni na Shimoni



Kaskazi ikiingia na bahari ikatulia, mashua za Kwale hurudi na samaki wengi kuliko wakati wa kusi. Bei hushuka ufuoni. Mama asiye na barafu hubaki na njia mbili: auze kwa hasara jioni hiyo hiyo, au awabanike. Akibanika vizuri, tafi na changu wake hupata mnunuzi hata baada ya siku kadhaa. Akibanika katika tanuri lenye nyufa, hupoteza kuni, huumiza macho na kifua, na samaki wenyewe humharibikia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye tanuri, ufa hutoa joto lililokusudiwa samaki na huingiza upepo unaochochea moto usiohitajika. Matokeo yake, samaki wa upande mmoja huungua na wa upande wa pili hubaki wabichi ndani. Hao ndio huota ukungu na kuingia mabuu kabla ya kufika sokoni.

Lakini kuziba si kufunga kila tundu. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na maji hayo lazima yatoke. Tanuri linahitaji njia mbili: mdomo wa moto chini, unaoingiza hewa, na nafasi ndogo juu, inayotoa mvuke na moshi uliokwisha kufanya kazi. Zote mbili zikifungwa, samaki hutokota kwa mvuke wake, nyama hulegea na kumeguka. Moto nao hukosa hewa, ukatoa moshi mzito wenye masizi na uchungu. Kanuni ni hii: ukuta uzibwe kabisa, na njia za hewa ziwe zile mbili tu, zenye kuongezwa na kupunguzwa.

Kuzijua nyufa ni rahisi. Usiku, taa iwekwe ndani ya tanuri lililopoa. Kila panapopenya mwanga patiwe alama ya mkaa. Au yawashwe makumbi machache ya nazi, juu pafunikwe, kisha itazamwe moshi unatokea wapi.

Kitu cha kuzibia tunacho. Udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, ukichanganywa na mchanga na jivu, hustahimili moto kuliko saruji, ambayo hupasuka ikipata joto kali. Ili kujua kipimo, yafinyangwe matonge matatu yenye mchanga tofauti, yakaushwe kivulini, kisha yatiwe motoni. Lile lisilopasuka ndilo la kutumia. Mchanga wa ufuoni usitumike, kwani chumvi yake hula wavu na chuma. Ufa upanuliwe kidogo, ulowanishwe, ushindiliwe udongo, uachwe siku kadhaa ukauke polepole. Moto wa kwanza uwe mdogo.

Mawe ya matumbawe yasijengewe mahali pa moto. Mababu walichoma mawe hayo hayo kupata chokaa. Tanuri lililojengwa kwayo hufanya vivyo hivyo, na mvua ikinyesha huanza kumomonyoka. Mahali pa moto pajengwe kwa matofali ya kuchoma au udongo. Anayetumia pipa ahakikishe halikubeba dawa wala kemikali. Mabati yasikae karibu na moto, kwa sababu zinki yake ikiungua hutoa mvuke wenye sumu.

Sehemu inayovuja zaidi huwa ni chanja. Wenzetu wa Ghana walilitatua hilo karibu na mwaka 1970 kwa tanuri la Chorkor, lenye jina la mtaa wa wavuvi wa Accra. Chanja zake ni fremu za mbao zenye wavu, zote za kipimo kimoja, zinazopangwa moja juu ya nyingine. Kila fremu hukalia nyingine sawasawa, hivyo chanja zenyewe huwa ukuta. Ya chini hupandishwa juu kila baada ya muda ili samaki wote wapate joto. Seremala yeyote wa Ukunda au Msambweni anaweza kuzitengeneza, mradi kingo zisiwe zimepinda. Juu hufunikwa kwa ubao au gunia la katani lililoloweshwa, pakiachwa nafasi ya mvuke.

Mdomo wa moto usielekee upepo. Tanuri likae mbali na paa la makuti, na lisiwashwe ndani ya nyumba kamwe: hewa ya sumu itokayo kwenye moto haina harufu na huua watu waliolala.

Faida nyingine iko kwenye mikoko. Tanuri lisilovuja hula kuni chache, na makumbi, vifuu na matawi ya mwembe au mvinje hutosha. Watu wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kwa sababu mikoko yao imesimama, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Mkoko uliokatwa kwa ajili ya tanuri bovu ni hasara mara mbili, kwani samaki wadogo hukulia kwenye mizizi yake.

Mwisho, tanuri zuri halifufui samaki aliyeharibika. Jodari aliyekaa juani hutengeneza sumu ambayo moto na moshi haviiondoi. Samaki awe mbichi, aoshwe kwa maji safi, atiwe chumvi, na joto la ndani ya nyama lifike nyuzi 63 za Selsiasi kwa nusu saa au zaidi. Apoe kabisa kabla ya kufungwa.

Kaskazi haingoji mtu. Tanuri likaguliwe sasa, kabla mashua hazijarudi zimejaa.